Waya wa Shubiri Moja

Bi Khatoon alitaka gari liondoke kabla mwaka wa marehemu haujatimia. Hakutaka kusikia habari ya kulitengeneza wala ya kulitunza, na binti yake Saliha alipomwambia kuwa Datsun za zamani kama ile siku hizi zina watu wanaozitafuta kwa tochi, alijibu kuwa hao wenye tochi waje basi, walimulike na walivute. Lakini Kamaludin wa Bondeni, ambaye ndiye mnunuzi pekee aliyejitokeza, alikuwa na sharti moja tu. Gari lishike moto kwanza. Hakuwa tayari kulikokota gari bovu katika vichochoro vya Kibokoni huku watu wamejipanga barazani wakimchambua.

Ndiyo maana fundi akaitwa.

Gari lilikuwa limesimama ubavuni mwa nyumba, chini ya turubai, tangu masika ya mwaka jana. Miezi kumi na moja. Paka wa mtaa walishazalia chini yake mara mbili. Bi Khatoon alilipita kila siku akienda kwa jirani, na kila siku akageuza uso, kama mtu anayempita mwenzake waliyegombana. Watu walidhani ni huzuni ya kumkumbuka mume. Ilikuwa huzuni, ndiyo, lakini ndani yake mlikuwa na hasira, na hasira hiyo haikuwa ya gari.

Yaliyotokea yanajulikana mtaa mzima, lakini tuyaseme, maana asiyeyajua hataelewa kitu. Alfajiri moja ya mwezi wa tano, mvua ikimwagika, Jusab mumewe aliamka akashika kifua. Alikuwa ameuza leso Biashara Street kwa miaka thelathini na tisa, mtu wa maneno mengi na mzaha mwingi, lakini asubuhi ile alisema neno moja tu, kwamba kuna mtu amemkalia. Kashif, mtoto wao wa kiume, alimbeba baba yake mgongoni akamshusha ngazi zote mbili, akamlaza kiti cha nyuma cha gari. Bi Khatoon akaingia akampakata kichwa. Kashif akatia ufunguo, akageuza. Gari halikutoa hata mlio. Akageuza tena, na tena.

Majirani wenye magari walikuwa wamelala na simu zao zimelala. Tuk-tuk hazikuonekana, njia zote zimejaa maji. Mwisho Kashif akatoka mbio katika mvua mpaka Marikiti, akarudi na hamali mmoja na mkokoteni wake wa viazi. Hivyo ndivyo Jusab alivyotoka Mji wa Kale mara ya mwisho, amelazwa juu ya magunia matupu, miguu inaning'inia, mkewe anakimbia ubavuni amemshikia mwavuli ambao haukumkinga na chochote. Tuk-tuk waliipata Digo Road. Hospitalini daktari aliyewapokea, kijana mpole, alisema neno ambalo naamini hakulikusudia liwe kisu. Alisema wangewahi kwa nusu saa tu, ingetosha.

Bi Khatoon aliibeba nusu saa hiyo mpaka siku ya tatu, siku ya khitma. Nyumba ilikuwa imejaa, wanaume chini na wanawake juu, na Kashif alipopanda kumsalimu mama yake, shangazi mmoja akauliza tu, kwa ule udadisi wa watu wa msibani, hivi gari lilikuwa na nini. Kashif aliinamisha kichwa. Alisema ni yeye. Alitoka na gari jana yake jioni, akarudi amechoka, akasahau kuzima taa. Betri ikaisha.

Bi Khatoon hakupiga kelele. Pengine angepiga kelele watu wangemshika, wangemwambia ni uchungu, yakaisha. Alinena polepole, mbele ya wake wa watu, kila mtu akasikia.

"Sina radhi nawe, Kashif. Na nikifa, usinizike."

Mwenye mtoto anajua uzito wa maneno hayo. Mwanamke mmoja alijaribu kumziba mdomo kwa ushungi wake, lakini neno lilishatoka. Kashif alimshika mama yake mkono ili aubusu, na mama akauvuta. Kabla ya arubaini kijana alikuwa Doha, akitengeneza mitambo ya baridi katika maghorofa. Kila wiki alituma salamu kwa dada yake, na salamu hizo zikaishia kwa dada yake. Saliha alikuwa amejifunza kuzungumza na kaka yake huku maji ya mfereji yanatiririka, mama asisikie.

Sasa tumrudie fundi. Aliitwa Tsofa, mtu wa Ribe, miaka hamsini na kitu, mwenye banda lake la mabati Kibarani ambako hakutengeneza injini wala magurudumu, ila umeme wa magari peke yake. Alikuja asubuhi kwa pikipiki, amekumbatia betri iliyofungwa guniani. Alibisha hodi kwa utaratibu, akampa Bi Khatoon pole ya msiba ingawa ulishakuwa mkongwe, akauliza gari lilikuwa na ugonjwa gani. Bi Khatoon, aliyekuwa amekaa kwenye kiti mlangoni na tasbihi mkononi, akamjibu kwa mkato kuwa ni betri. Atie betri, liwake, liende.

Kulikuwa na jambo moja lililomkera asubuhi ile, nalo hakulitaja. Chini ya deshibodi ya gari, upande wa abiria, upande wake, kulikuwa na kitu chake. Mama yake mzazi alimfundisha, na mama yake alifundishwa na mama yake aliyekuja na meli kutoka Kachi, Bara Hindi: unachukua chumvi ya mawe, unaisomea Ayatul Kursi mara saba, unaishona katika kifuko cha kitambaa cha kijani kwa uzi wa manjano, unakificha katika kila kitu ambacho watu wanaweza kukitamani. Gari lilipokuwa zuri lilitamaniwa sana. Jusab hakupenda mambo hayo, angecheka kisha angekasirika, kwa hiyo Bi Khatoon alikifunga kifuko kwa siri kwenye fungu la nyaya lililopita juu ya miguu yake. Kila Muharram alipenyeza mkono akabadilisha chumvi.

Na kila Muharram alikikuta kimelowa. Wengine wangesema ni hewa ya Mombasa, ambayo hata chumvi ya mezani inaigeuza uji. Bi Khatoon alifundishwa vingine. Chumvi ikilowa, ni kijicho imekinywa. Kadiri kifuko kilivyolowa ndivyo alivyoshukuru, na mwaka kilipokutwa kinachuruzika kabisa aliogopa wingi wa mahasidi, akaongeza kiasi. Miaka ishirini na miwili alifanya hivyo.

Alitaka akitoe mwenyewe kabla mkono wa mtu baki haujakigusa. Lakini kukitoa kulimaanisha kuingia ndani ya gari lile na kukaa, na hilo hakuliweza. Akajiambia kuwa betri iko mbele, chini ya boneti, na fundi hatakuwa na haja ya kufika huko.

Tsofa akatoa betri kuukuu akatia yake. Akasugua vichwa vyake kwa msasa, akakaza, akaingia akageuza ufunguo. Kimya. Hakuna hata tik.

"Yangu hii ni nzima," akasema. "Nimetoka kuliwashia lori nayo saa moja."

Saliha, aliyekuwa amesimama ngazini, alimtazama mama yake. Bi Khatoon akatazama tasbihi.

Fundi hakuwa na haraka. Alichukua bisibisi akaunganisha vichwa viwili vya stata chini ya injini, na injini ikazunguka mara mbili tatu kwa mlio mzito, kama mzee aliyeamshwa. Stata ilikuwa nzima basi. Akatoa mita yake yenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, akapima kwenye betri, akapima kwenye fyuzi, akapima kwenye waya unaotoka swichi ya ufunguo kwenda kwenye stata, na kila alipopima alinong'ona namba. Kwenye betri, volti kumi na mbili na ushei. Kwenye ule waya, nne.

Alikuwa mtu wa maneno machache mpaka ashike mita, hapo ulimi ulimfunguka. Alimweleza Saliha kuwa ni kama maji ya tangi. Tangi limejaa pomoni, na ghorofani mfereji hautoi tone, basi usilaumu tangi. Kuna mahali njiani yanapotea. Moto wa gari hili ulitoka mzima ukaliwa njiani.

Kisha akafungua mlango wa dereva akaketi, na taa ndogo ya darini ikawaka. Akaitazama. Aliuliza swali lake kama fundi yeyote angeuliza, bila kujua anauliza nini.

"Mama, siku iliyokataa kuwaka, hii taa ya darini iliwaka?"

Bi Khatoon alifungua mdomo aseme hajui. Lakini alijua. Alikuwa amempakata Jusab, na alimwona. Aliona jasho lililosimama kwenye masharubu, aliona midomo imegeuka rangi, aliona macho ya mumewe yakitazama juu, yakitazama kitu fulani darini. Uso huo ulimjia kila usiku kwa miezi kumi na moja, na hata siku moja hakujiuliza aliuona kwa mwanga gani, alfajiri ile yenye giza na mvua.

"Iliwaka," akasema.

"Iliwaka kwa kufifia, ama sawasawa?"

"Sawasawa."

"Basi betri haikuisha. Taa zikiachwa usiku kucha, hii haiwaki. Inatoka kwa betri moja kwa moja, ni ya kwanza kufa."

Saliha alisema, kwa sauti ndogo, kuwa Kashif mwenyewe ndiye aliyesema ni taa. Tsofa akainua mabega. Watu husema mengi, alijibu, lakini mita haina jamaa. Bi Khatoon alimwamuru Saliha apande juu akalete chai, na Saliha akapanda, bila kupenda.

Akili ya Bi Khatoon ilikuwa imeganda mahali pamoja. Mtu husema uongo ajitoe kwenye lawama. Huyu alisema uongo ajitie. Nani anafanya hivyo, na kwa ajili ya nini? Alipoinua macho, miguu ya Tsofa ilikuwa nje ya mlango wa upande wa abiria, na kichwa chake kiko chini ya deshibodi.

"Fundi," akasema, na akasimama kwa pupa mpaka tasbihi ikaanguka. "Huko hamna kitu."

"Kipo," sauti ikajibu kutoka chini. "Nimekiona."

Alitoa kwanza waya. Aliuvuta taratibu, na ngozi yake ya plastiki ikapasuka yenyewe, na ndani mlimokuwa na shaba mkamwagika unga wa kijani. Aliuweka kwenye kiganja akamwonyesha. Ulikuwa waya mfupi tu, kipande kisichozidi shubiri. Alieleza kuwa hii si kazi ya bahari. Kutu ya bahari haichagui, ingeshika gari zima, na gari hili kwingine ni safi kuliko magari mengi ya kisiwani. Hii imeanzia pahali pamoja ikateremka chini, kama kuna kitu kilichokuwa kikidondoka juu yake tone tone, mwaka baada ya mwaka. Waya wa namna hii, alisema, leo unashika na kesho unakataa, na ukipata unyevu wa mvua ndiyo basi tena.

Kisha akapenyeza mkono tena, akakata kitu kwa plaisi, akakitoa.

Kilikuwa kifuko cha kijani chenye uzi wa manjano. Bi Khatoon angekitambua hata gizani kwa kukipapasa. Lakini hakikuwa kama alivyokiacha. Kilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni unaong'aa, umekunjwa mara mbili na kufungwa kwa utepe mweusi wa umeme, safi, kwa mkono wa mtu anayejua kazi. Na juu ya nailoni, kwa wino wa kalamu nene, pameandikwa jina la Jusab, namba ya wodi, na tarehe.

Aliujua mfuko ule. Ndimo hospitali walimotia miwani na saa ya mumewe wakampa Kashif aje navyo nyumbani. Miwani na saa ziko kabatini mpaka leo. Mfuko hakuuliza uliko, nani anauliza habari ya mfuko?

Tsofa alikigeuzageuza. Alikuwa mtu wa bara ya pwani, amezaliwa na kulelewa katika mambo kama hayo, na hakuhitaji kuambiwa. Alitazama unga wa kijani, akatazama kifuko, akamtazama mwanamke aliyesimama mbele yake bila viatu.

"Chumvi," akasema.

Bi Khatoon aliinama akaiokota tasbihi yake.

"Aliyeitia kwenye nailoni ameitia waya ukiwa umeshaliwa. Nje ni kavu, haikudondoka tena. Alifungua hapa, akaona, akafahamu. Sijui kwa nini hakuitupa."

Bi Khatoon alijua kwa nini. Dua ya mama haitupwi. Na isitoshe, kama angeitupa, Muharram mama angepenyeza mkono akute hamna, aulize. Mwanawe alikuwa amefikiri yote hayo. Baada ya kumzika baba yake, kabla ya khitma, alikuja hapa peke yake na bisibisi, akalala chali kama fundi alivyolala, akatafuta sababu, akaipata. Akaona uzi wa manjano. Kisha akakifunga kifuko, akakirudisha mahali pake, akapanda juu kwenye nyumba iliyojaa watu, na alipoulizwa akasema ni taa.

Na yeye, mama yake, akamwambia asimzike.

Alitaka kuketi, hakuona kiti kiko wapi. Tsofa akamsogezea. Alichuchumaa mbele yake, akiwa na kile kifuko baina ya magoti. Akazungumza kwa sauti ya chini, macho yakiwa kwenye ngazi.

"Mama yangu alifunga kitu kama hiki kwenye baiskeli ya baba. Hakuna mama asiyefunga. Mimi nikiulizwa na huyo binti, naweza kusema ni bahari. Gari zote za hapa zinaliwa na bahari. Hakuna atakayebisha."

Ilikuwa huruma, na alimpa kwa nia safi. Msimdhanie vibaya Bi Khatoon nikiwaambia kwamba aliipokea. Alichukua kile kifuko akakitia chini ya mtandio wake, kifuani, na kwa kiasi cha pumzi kumi akaishi maisha ambamo hakuna aliyejua. Gari lingewaka, Kamaludin angelichukua, chumvi angeitupa baharini. Kashif mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo, aliamua kuubeba huu mzigo, na pengine kuufunua ni kumvunjia wema wake. Mtashangaa jinsi hoja zinavyokuja kwa wingi mtu anapozihitaji.

Lakini nailoni ilikuwa baridi kifuani pake, na jina la mumewe liligusa ngozi yake. Akakumbuka kuwa siku moja atakufa, na mwanawe atapata simu huko aliko, naye ni mtoto mtiifu. Aliambiwa asimzike. Hatakuja.

Saliha alikuwa anashuka na sinia. Bi Khatoon alitoa kifuko chini ya mtandio akakiweka kwenye sinia, kati ya vikombe.

"Hii ni chumvi yangu," akamwambia. "Niliiweka mimi. Ndiyo iliyomzuia baba yako. Kashif alijua." Saliha alisoma jina kwenye nailoni, na vikombe vikaanza kugongana. "Weka sinia chini. Nipigie."

Saliha hakuuliza nani. Alitoa simu mfukoni, akapiga, akampa. Ililia muda mrefu. Huko ilikuwa saa za kazi, na ilipopokewa kulikuwa na kelele za mashine nyuma, na sauti ya kijana ikimwita dada yake kwa jina, ikiuliza kama kuna usalama nyumbani.

"Ni mimi," akasema Bi Khatoon.

Kelele za mashine zikapungua, kisha zikakatika. Inaonekana alitembea akafunga mlango. Alimwamkia mama yake kama anavyomwamkia siku zote, kana kwamba walizungumza jana, na hapo ndipo machozi yalipomtoka Bi Khatoon, maana alisahau kwamba sauti ile ilikuwa ikimwamkia kila asubuhi kwa miaka ishirini na sita.

"Kashif, gari imefunguliwa," akasema.

Bi Khatoon alitazama boneti iliyo wazi.

"Nani ameifungua, Mama?"

"Fundi. Nimeuona mfuko wa baba yako."

Alimuuliza kwa nini hakusema, kwa nini alikubali maneno yale mbele ya watu, kwa nini aliondoka nayo. Kashif alijibu kwa kusitasita, kama mtoto aliyekamatwa na kosa. Alisema baba alishakwenda, na kusema kusingemrudisha. Alisema yeye ni kijana, atafanya kazi, atachoka, atalala. Kisha akasema lile ambalo Bi Khatoon analirudia mpaka leo.

"Nilijua ukikasirika nami utaishi, Mama. Ukijikasirikia mwenyewe, niliogopa."

Alikuwa amesema kweli. Hasira ile ndiyo iliyomwamsha kila asubuhi, ikamlisha, ikampandisha ngazi. Bila hiyo angelazwa kaburini kando ya Jusab mwaka jana. Sasa hakuwa nayo tena.

"Niwie radhi, mwanangu," akasema.

Kashif akamzuia haraka. Akamwambia asimwambie hivyo, kwamba ni vibaya, mama haombi radhi kwa mtoto, yeye ndiye anayepaswa kuomba. Bi Khatoon akasema sivyo. Akasema amemdhulumu mbele ya watu na hatakata simu mpaka asikie. Saliha alikuwa amejikunja ngazini, amefunika uso. Kisha neno likaja, dogo.

"Nimekuwia."

Tsofa, kwa adabu yake, alikuwa amekwenda upande wa pili wa gari ili asisikie. Mtu wa kazi akikosa la kusema hushika kazi. Alikuwa amekata kipande kipya cha waya mwekundu, akakiunganisha pande mbili pale kilipokuwa kile kilicholiwa, akakifunga kwa utepe. Alikuwa amemimina petroli mpya kidogo kwenye kabureta, na nyingine ndani ya tangi. Hakuna aliyemwambia aendelee na hakuna aliyemwambia aache. Akaingia, akageuza ufunguo.

Gari likashika. Halikusita, halikukohoa. Lilinguruma kichochoroni kwa sauti ileile ambayo Kibokoni nzima iliijua, sauti ya Jusab anakwenda kufungua duka. Dirisha moja likafunguka upande wa pili, na mtu akachungulia kisha akarudisha kichwa ndani. Tsofa alitazama alichofanya, akaona uso wa Bi Khatoon, na ilionekana wazi kuwa angetamani kulizima lakini hakujua kama ni heshima zaidi kuzima au kuacha.

Kashif alikuwa ameusikia mngurumo.

"Imeshika kwa mara ya ngapi, Mama?"

Bi Khatoon angeweza kumdanganya, kama yeye alivyomdanganya, na kwa sababu ileile. Alitazama waya wa zamani uliokuwa chini karibu na mguu wake, mfupi, wa kijani, ambao mtoto angeuchezea akautupa.

"Ya kwanza," akasema.

Hapo ndipo alipomsikia akilia. Hakulia makaburini, hakulia siku ya khitma alipoambiwa yale aliyoambiwa mbele ya watu. Sasa alilia peke yake, nyuma ya mlango uliofungwa, katika mji ambao mama yake hajauona, na mama hakuwa na la kufanya ila kuibana simu sikioni kwa mikono miwili. Alimwacha alie mpaka aliponyamaza.

"Kashif," akasema. "Nikifa, uje unizike wewe. Hata wakikwambia umechelewa. Nimewaambia wakungoje."

Hakuwa amemwambia mtu bado. Lakini Saliha alikuwa pale anasikia, na fundi pia, na hao walitosha kuwa mashahidi.